Jina Halikimbii

Alfajiri ya siku ya tatu ya matanga ya Elirehema, kule kwao Mhezi milimani, simu ya mama yake ililia ndani ya fundo la kitenge. Tulikuwa wanawake wengi chumbani, tumekaa kwenye mikeka na magodoro, tumeshachoka kulia na tumefika pale ambapo maongezi ya msibani hugeukia bei ya mbegu na magoti yanayouma. Mama Elirehema alifungua fundo, akaishika ile simu ya kitochi mbali na macho, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Marahaba." Kisha akanipa mimi niliyekuwa karibu naye nimsomee. Ujumbe ulisema: "Shikamoo Mama Elirehema. Zamu yako ya maji ni leo asubuhi. Jibu 1 kama umepata ujumbe huu." Aliyeiandika ile shikamoo tulikuwa tumemzika nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka nilipokaa. Nilibonyeza 1 nikatuma, nikamrudishia simu yake, nikatoka nje kusimama kwenye baridi.

Ningeanza na ukoo, kama inavyotakiwa, lakini Mpare akianza ukoo hana pa kuishia, na mwaka ninaotaka kuusimulia hauhusiani nao. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo, nimerudi Same kwenye ofisi ya vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Upepo wa Same haubishi hodi. Uliingia chini ya mlango na vumbi la saruji, na kila asubuhi kabla ya kuwasha kompyuta tuliipiga kibodi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Chumba cha mbele kilikuwa cha Mama Nanzia, mwenye ofisi, mwalimu mstaafu wa hisabati aliyeamini kwamba kitu kisichoelezeka kwa Kiswahili hakijaeleweka. Chumba cha nyuma kilikuwa chetu wawili, mimi na Elirehema, meza mbili zinazogusana na dirisha moja la kuona milima. Katikati, kwenye kibaraza, palikuwa na jiko la mkaa. Ijumaa Mama Nanzia alibandika makande tangu asubuhi, na siku nyingine tulikula ugali na samaki wakavu wa Nyumba ya Mungu, ambao Elirehema aliwala kwa uso wa mtu anayetekeleza wajibu. Mtoto wa mlimani, alisema, samaki amtoe wapi.

Alinizidi miaka minne na aliniita dada Nakijwa tangu siku ya kwanza, hata tulipogombana, na tuligombana sana. Kazi yetu ilikuwa programu ya zamu za maji. Kule kwao kuna ndiva, bwawa dogo ambalo maji ya kijito hukusanywa usiku, asubuhi likafunguliwa yakashuka kwa mifereji hadi mashambani, kila kaya kwa zamu yake. Zamani mtu wa kamati alipita nyumba kwa nyumba kutangaza. Sisi tuliwaahidi kwamba simu zitatangaza. Alfajiri programu ingetuma ujumbe kwa kila mwenye zamu, naye angejibu kabla bwawa halijafunguliwa. Asiyejibu angerukwa, maji yaende kwa anayefuata. Sheria hiyo ilikuwa ya kamati wenyewe, ya tangu enzi za babu zao, na mwenyekiti wao aliieleza kwa methali moja tu: asiyekuwepo na lake halipo. Elirehema ndiye aliyewashawishi. Alikwenda kwao, akasimama mbele ya watu waliomjua akiwa na kamasi, akasema hii kitu itafanya kazi. Shamba la mama yake lilikuwa la mwisho kwenye mfereji wa juu.

Sasa niseme kuhusu logi, maana ndiyo tuliyogombania mwaka mzima. Programu ikiwa kazini huandika pembeni kile inachokifanya, mstari kwa mstari, ili kikiharibika kitu mtu arudi nyuma aone. Hiyo ndiyo logi. Wengi huiandika kwa mkato, tarakimu na vifupi, kwa sababu haisomwi na mtu ila siku ya balaa. Lakini Mama Nanzia alitaka kuisoma. Aliichapisha kila Jumatatu, akavaa miwani, akaisoma na chai kama gazeti. Basi mimi nikaiandika isomeke. Na kwa kuwa nimelelewa, sikuweza kuandika jina tupu la mtu mzima. Hebu fikiria kuandika "Nakiete ametumiwa ujumbe" wakati Nakiete ni mama wa watu na ana wajukuu. Nikatengeneza kipande cha programu nilichokiita mwite-kwa-heshima. Ukikipa mtu, kinakwenda kwenye hifadhi ya taarifa kuuliza umri wake, kinarudi kuuliza mtoto wake wa kwanza anaitwa nani, kinarudi tena kuuliza yuko mfereji gani, ndipo kinakuambia: Mama Elirehema wa mfereji wa juu. Mama Nanzia alipousoma mstari wa kwanza wa namna hiyo aliniita mwanangu, na hakuwa mtu wa kutoa neno hilo bure.

Elirehema alicheka. "Dada Nakijwa, hiyo ni mashine. Inamwamkia nani humo ndani?"

"Inaandika. Kuna watu wanasoma."

"Kwenye meseji heshima ipo, nimeweka shikamoo mwenyewe. Logi ni ya kwetu, jikoni. Jikoni mtu anavaa kanga moja."

Nyuma ya ukuta, upande wa duka, muuza duka na rafiki yake waliendelea na ubishi wao wa kila siku, safari hii kuhusu jamaa aliyeuza ng'ombe ili amalizie kesi ya kuku. Ubao wa ukuta ulikuwa mwembamba na tulisikia kila neno. Rafiki, ambaye alikuja kutoka mikoa ya mbali kufanya kazi mashamba ya mkonge akaishia kuoa Same, alisema hataelewa Wapare mpaka anakufa: ni wabahili kwa kila kitu isipokuwa ushahidi. Mimi na Elirehema tulitazamana tukacheka, ugomvi ukaisha kwa siku hiyo. Nimelifikiria neno la yule bwana mara nyingi tangu hapo. Alikuwa ametugawa sisi wawili bila kutujua. Elirehema alikuwa bahili, mimi nilikuwa wa ushahidi, na wote wawili tulidhani tunafuata kanuni za chuo.

Mvua za vuli zilipokosa adabu, kaya za mifereji ya chini nazo zikaomba kuingia, na programu ikaanza kuchelewa. Kwanza kidogo. Kisha watu wa mwanzo wa orodha wakawa wanapata ujumbe alfajiri kama kawaida, na wa mwisho wanaupata maji yameshapita. Elirehema alirudi kutoka nyumbani Jumatatu moja bila kusalimia, akaweka begi mezani. Mama yake alikuwa amerukwa mara mbili. Maharage yalikuwa kwenye maua, na ua la maharage likikosa maji halisubiri maelezo. Alikwenda kuwaambia kamati hajapata ujumbe, wakamwambia kwa upole kwamba mashine haina chuki na mtu. "Ameniuliza amenikosea nini," Elirehema alisema. Nikaenda kuchemsha chai.

Tulitafuta sababu kwa wiki nzima, na aliyeiona ni yeye. Ilikuwa Ijumaa, Mama Nanzia anakoroga sufuria kibarazani, na Elirehema akasimama pale akamuuliza makande ya mahindi makavu yanaiva kwa muda gani. Mama Nanzia akamjibu kwamba asubuhi yote inakwisha. Elirehema akanigeukia mimi. "Sasa wewe unapika sufuria zima, ndipo unauliza kama wageni wanakuja. Wakisema hawaji, unamwaga. Halafu unabandika lingine."

Alikuwa na haki. Mistari mingi ya logi yangu ilikuwa ya kina, ya kuwashwa pale tu tunapotafuta kosa, na muda mwingi ilikuwa imezimwa. Lakini programu ilikuwa inaandaa kwanza sentensi nzima, inakwenda mara tatu kuulizia umri na mtoto na mfereji, ndipo inatazama kama logi ya kina imewashwa, inakuta imezimwa, inatupa. Kwa kila mtu. Kila alfajiri. Heshima yangu ilikuwa inapikwa na kumwagwa mamia ya mara, na huku mwisho wa mfereji mama wa mtu anakosa maji. Na bado nilipoitazama ile kazi yangu kwenye skrini niliiona nzuri, sentensi baada ya sentensi, mtu yeyote angeifuata. Nilichanganyikiwa kweli. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kazi inayosomeka vizuri ndiyo kazi nzuri.

Akaanza kutibu. Mbele ya kila mstari wa logi aliweka swali: je, logi ya kina imewashwa? Kama ndiyo andaa, kama siyo pita. Palipokuwa na mstari mmoja pakawa na mitatu, na kazi yenyewe, ile ya kugawa zamu, ikapotea katikati ya maswali. Kuisoma ilikuwa kama kusikiliza mtu anayesimulia huku akikuuliza kila baada ya neno kama unamsikiliza. Nilimwambia kodi yetu sasa haisomeki, kwa maana ya yale maandishi ya programu, na Mama Nanzia akaitikia kutoka chumba cha mbele, "Kodi nimeshalipa, mwenye nyumba anataka nini tena?" Tulicheka mpaka Elirehema akafuta macho. Kisha akaendelea. Ile mistari michache ya kawaida, isiyozimwa, aliiondolea majina kabisa akaweka namba za usajili. Mama yake alikuwa mia nne kumi na mbili.

Programu ikakimbia. Ujumbe wa kwanza na wa mwisho ukawa unatoka kabla chai haijachemka. Jumatatu ile Mama Nanzia alivaa miwani, akasoma ukurasa mmoja wa namba, akavua miwani, akakunja karatasi. "Imekuwa haraka," alisema. Sijui mpaka leo kama ilikuwa sifa.

Wiki mbili baadaye Mama Elirehema akarukwa tena. Kamati ikatuita Mhezi na karatasi zetu. Kikao kilifanyika darasani, Jumamosi, wazee kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu, ukungu umeziba madirisha. Mama Elirehema alikaa mbele na sketi yake ya kanisani. Mwenyekiti alisema mama huyu analalamika kwamba programu inamruka, na kwamba yeye mwenyekiti haoni vizuri kwa hiyo binti asome. Binti nilikuwa mimi. Nilisimama mbele ya ubao nikasoma kama ilivyoandikwa: "Mia nne kumi na mbili ametumiwa. Mia nne kumi na mbili hajajibu. Mia nne kumi na mbili amerukwa."

Mama Elirehema akauliza, "Mia nne kumi na mbili ni nani?"

Nilimtazama Elirehema. Alikuwa nyuma, amesimama karibu na mlango. Aliyepaswa kujibu ni mimi, lakini alijibu yeye. "Ni wewe, mama."

Alimgeukia mwanawe taratibu na kumtazama. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Basi huyo kama hajajibu, mumuulize mwenyewe," alisema. "Mimi ni Mama Elirehema. Mimi ningejibu."

Hapo kikao kikawa kesi, na kesi ya Wapare mnaijua. Mmoja alisema mtandao wa simu haufiki vizuri upande ule wa kilima. Mwingine alisema mama alizima simu kutunza chaji. Mama alisema hajawahi kuzima. Wakataka nisome tena, nikasoma tena, na kila niliposema ile namba niliona mabega ya Elirehema yakishuka. Karatasi ilikuwa sahihi. Ilisema ujumbe umetumwa, na nadhani ulitumwa. Lakini kati ya kutumwa na kufika kuna mlima mzima, na mlima ule haukuwa umeandikwa kwenye logi yoyote, ya kwangu wala ya kwake. Walihitimisha mchana kwamba mama apewe maji ya zamu mbili na sisi turudishe majina ya watu. Lile la pili lilipitishwa na wote bila hata mtu kunyoosha mkono.

Tulishuka Same. Jumatatu Elirehema alikuja na dawa, na ilikuwa dawa nzuri, siwezi kuikana. Programu ingeandika namba tu, haraka, bila kumuulizia mtu. Jina lingetafutwa baadaye, pale Mama Nanzia anapofungua logi kuisoma. Mwite-kwa-heshima asingekaa tena kwenye njia ya maji, angekaa mlangoni kwa msomaji. Yale maswali yake yote yaliyojaza kazi yetu akayafuta. Kazi ikawa inasomeka kama zamani, na ikawa inakimbia. Ni mtu mwenye akili sana tu angeliona jambo jepesi namna ile.

Kitu fulani kilinisumbua na sikuweza kukitaja. "Lakini jina haliandikwi siku ile," nilisema.

"Litatafutwa siku ya kusoma."

"Na likibadilika?"

"Dada Nakijwa. Jina halikimbii."

Nilikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi hauingizwi kwenye kompyuta. Tukafanya majaribio siku hiyo hiyo. Yeye alijisajili kwa simu yake kama mtu wa mfereji wa juu, mimi nikamtumia ujumbe kutoka mezani kwangu, naye badala ya kujibu 1 akaandika maneno yake, kwa kuwa alikuwa anataka kuona programu itafanya nini na jibu la kijinga. Sikukumbuka aliandika nini. Nilikumbuka tu kwamba ilikuwa siku njema, na kwamba maharage ya mama yake yalikuwa yameokoka nusu. Mwaka uliofuata niliondoka, nikaenda Morogoro kwenye mshahara mkubwa zaidi, na programu akabaki nayo yeye, miaka yote, hadi kifua kilipomlaza.

Nilipotoka matangani nilipitia Same kumwona Mama Nanzia. Amezeeka, anatembea ameshika ukuta, lakini vyumba ni vile vile na vumbi ni lile lile. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono muda mrefu. Alikuwa na ombi. Kamati ilitaka taarifa za waliofariki zirekebishwe, ili zamu zisiende kwa watu wasiokuwepo, na Elirehema mwenyewe ndiye alikuwa akiifanya kazi hiyo. Aliweka sehemu ya kuchagua: yupo, au amefariki. Sasa hakuna wa kuichagua kwa ajili yake. "Nimejaribu," Mama Nanzia alisema, "nikaona macho hayaoni." Macho yake yalikuwa yanaona vizuri sana.

Nilikaa kwenye meza ile ile. Dirisha limewekwa nyavu, ila milima inaonekana. Nilimtafuta Elirehema, nikamkuta, namba mia sita na tatu, mfereji wa juu, nikachagua amefariki. Kitu cha kwanza nilichokiogopa ni mama yake, kwamba labda kule ndani jina lake linamtegemea mtoto aliye hai, nikakimbilia kumtazama. Alikuwa bado Mama Elirehema. Nikashusha pumzi. Kisha, kwa kuwa nilikuwa pale na sikutaka kuondoka, nikafungua logi ya mwaka wetu, nikaisoma kutoka mwisho kurudi nyuma.

Niliitambua kwa sentensi zake, maana zilikuwa zangu. Lakini kila niliposoma nilikutana na marehemu, kwa kuwa mwite-kwa-heshima alikuwa amefundishwa kumwita hivyo kila aliyefariki. Marehemu Baba Naelijwa ametumiwa ujumbe wa zamu. Marehemu Baba Naelijwa amejibu. Yule mwenyekiti wa kikao, marehemu, amefungua maji. Nusu ya mfereji wa juu walikuwa wafu wanaoamka alfajiri kumwagilia. Hawakuwa wafu asubuhi ile. Logi ilikuwa inasema kweli na inasema uongo kwa pamoja, na niliona ndicho kile nilichoshindwa kukitaja nilipokuwa binti. Jina linalotafutwa siku ya kusoma ni jina la siku ya kusoma. Nilitaka kumwambia Elirehema. Nilimgeukia kabisa, upande wa meza yake, mdomo wazi.

Halafu nikaufikia mstari wa siku ya majaribio. Uliandikwa hivi: "Marehemu Elirehema wa mfereji wa juu amejibu: Nimeipata dada, njoo tule, makande yanapoa."

Nilirudi kwenye ile sehemu ya kuchagua nikaweka yupo, nikafungua logi tena, na mstari ukawa kama ulivyokuwa: Elirehema wa mfereji wa juu amejibu. Nikaona aibu, kwa kuwa kamati wana haki, na maji hayawezi kumsubiri mtu aliyeko kaburini, na kuna shamba la mtu mwisho wa mfereji linalohitaji zamu hiyo. Nikaweka amefariki. Nikatazama. Nikaweka yupo. Miaka yote hii watu wananilipa niwaambie kipi kiandikwe sasa na kipi kisubiri, na nilikuwa nahamisha mshale kati ya maneno mawili kama mtu asiyejua kusoma.

Mama Nanzia alikuja kusimama mlangoni, mkono ukutani. Aliuliza kama nimemaliza.

Nikamwambia bado.